Cadillac: jina nalo linachoka sawa udongo



Hapa Bukavu kuna taxi moja ninapendaka kuiona. Iko Toyota ndogo ya kawaida, ya zile zinabebaka watu wanne nyuma hata kama kiti ni cha watatu. Lakini mbele, juu ya moteri, mwenyewe alibandika nyota ya Mercedes. Siku moja abiria mmoja akamcheka. Dereva akajibu bila kukasirika: «Nyota iko ya Mercedes, bei iko ya Toyota. Munataka nini tena?» Taxi yote ikacheka.

Mimi nilicheka pia, kisha nikanyamaza. Juu wakati ule nilikuwa ninasoma historia ya Cadillac, ile gari ya wakubwa ya Marekani, na nilijua kama kampuni yenyewe, na maenjenia wake na pesa zake zote, ilifanyaka jambo lilelile la dereva wetu. Ila wao hawakuacha bei ya Toyota.

Mutaniuliza: wewe uko agronome, licence yako ni ya udongo na mimea, magari ya Detroit yanakuhusu nini? Kuna sababu, na haiko ya kujivunia. Nitaisema chini. Kwanza tuanze na jina.

Jina la kuazima

Mji wa Detroit ulianzishwa na Mfaransa mwaka 1701. Alijiita Antoine de la Mothe, bwana wa Cadillac. Ukweli ni kwamba alizaliwa Antoine Laumet, kusini-magharibi mwa Ufaransa, na hakuwa wa ukoo wa watawala. Alipovuka bahari kufika Amerika alijipa jina la kibwana na alama ya ukoo, ngao yenye rangi na ndege wadogo. Miaka 200 nyuma yake, kampuni ya magari ikachukua lile jina na ile ngao, ikavibandika mbele ya gari. Kwa hiyo jina linalosikika sawa la mfalme lilianza sawa nguo ya kuazima. Kumbukeni hilo: jina peke yake halikuwa na uzito wowote. Uzito uliwekwa na kazi.

Mtu wa kuweka uzito ule aliitwa Henry Leland. Mwaka 1902 alikuwa na miaka karibu 59, ndevu nyeupe, fundi wa vyuma aliyejifunza kazi katika viwanda vya silaha wakati wa vita ya ndani ya Marekani. Pale, bunduki ikivunjika vitani, askari anapashwa kuchukua kipande cha bunduki nyingine kikaingia bila kupigwa nyundo. Ndilo somo Leland alibeba maisha yake yote: kipande kiwe sawa na ndugu yake mpaka kwa sehemu moja ya elfu ya inchi.

Mwaka ule Henry Ford alikuwa amegombana na matajiri waliomwekea pesa, akaondoka. Wale matajiri wakamwita Leland aje kupima mashini zao wajue watauza bei gani, juu walitaka kufunga. Leland akaja na jibu lingine: musifunge, mimi niko na moteri nzuri. Ilikuwa moteri ya silinda moja, aliyoitengeneza mbele kwa ajili ya kampuni ya Oldsmobile, nayo ikaikataa. Matajiri wakakubali. Mwezi wa 8 wa 1902 kampuni ya Cadillac ikaanzishwa. Gari lao la kwanza halikuwa la kifahari hata kidogo: silinda moja, nguvu ya farasi karibu 10, bei karibu dola 750. Lilikuwa gari dogo lililotengenezwa vizuri, basi.

Magari 3 yanavunjwa mbele ya watu

Sehemu ya historia hii ninayoipenda zaidi ilitokea Uingereza mwaka 1908. Wakati ule magari mengi yalitengenezwa moja moja. Fundi alichukua kipande, akakipiga lima mpaka kiingie, na kipande kile hakikuweza kuingia kwenye gari lingine. Waingereza waliwaza kama gari lolote la Marekani ni kitu cha bei rahisi, bati tupu.

Mtu aliyekuwa anauza Cadillac London, Frederick Bennett, akaomba klabu kubwa ya magari ya Uingereza, Royal Automobile Club, ifanye mtihani. Klabu wenyewe njo walichagua magari 3 katika stoki yake. Wakayapeleka ku uwanja wa mbio wa Brooklands. Pale wakayavunja yote mpaka skrubu ya mwisho, kila gari vipande zaidi ya 700. Wakavichanganya vipande vya magari yote 3 sawa maharagi ku soko. Kisha, ili kusiwe na ujanja, wakaondoa vipande 89 na kuweka vingine vipya kutoka duka. Mafundi wakaanza kuunga upya, wakiwa na funguo na bisibisi tu. Lima ilikatazwa.

Magari 3 yakasimama, rangi zimechanganyika, mlango wa huyu kwa yule. Moteri zikawaka. Yakakimbia maili 500, karibu kilometa 800, bila kufa. Cadillac ikapata kombe la Dewar, na gari la Marekani lilikuwa halijapata kombe lile hata mara moja.

Ninaomba tusimame kidogo hapa. Jina la Cadillac halikujengwa na matangazo. Lilijengwa siku ambayo watu wengine, watu waliokuwa na mashaka, walichagua wenyewe, wakavunja wenyewe, wakapima wenyewe. Hiyo njo samadi ya jina. Tutairudilia.

Mwaka 1909 kampuni ya General Motors, tuiite GM, ikanunua Cadillac, lakini Leland akabaki kuongoza. Wale wanaoendesha mashini ya kusaga muhogo kwetu wanajua manivela: ukiizungusha vibaya, inarudi na kukuvunja mkono. Magari mengi ya wakati ule yaliwashwa hivyo. Cadillac ya 1912 ndiyo ilileta kwa wateja wengi moteri ndogo ya umeme ya kuwasha gari, kazi ya Charles Kettering. Kombe la Dewar la pili likaja kwa ajili ya ule umeme. Kisha mwishoni mwa 1914 wakatoa moteri ya silinda 8 iliyotengenezwa kwa wingi. Leland aliondoka 1917, akaanzisha Lincoln, ambayo baadaye Ford aliinunua. Kwa hiyo zile gari mbili kubwa zilizoshindana Marekani miaka yote, baba yao ni mmoja.

Wateja waliofungiwa mlango

Katika miaka ya 1920 GM ilipanga majina yake sawa ngazi. Chini Chevrolet, ya mtu wa kawaida. Juu kabisa Cadillac. Katikati majina mengine, ili mtu akipandishwa kazi apande na gari. Mwezi wa kwanza wa 1930 Cadillac ikaonyesha gari la silinda 16. Fikiria saa yake: miezi michache nyuma, soko la hisa la New York lilikuwa limeanguka. Katika miaka yote 11 ya gari lile waliuza zaidi kidogo ya 4,000 tu, na mengi kati yao mwaka wa kwanza. Wenye pesa walifilisika, na wale waliobaki nazo waliona haya kuonekana na gari kubwa mbele ya watu wenye njaa.

Hapa kuna kisa ambacho kila kijana wa Afrika angepashwa kukijua. Peter Drucker, mwandishi aliyesoma maisha ya ndani ya GM miaka ya 1940, alisimulia kwamba wakubwa wa GM walikuwa tayari kufunga Cadillac. Mjerumani mmoja, Nicholas Dreystadt, mkubwa wa kazi ya matengenezo, akaingia mkutanoni akaomba dakika 10. Katika kuzunguka magaraji ya nchi yote alikuwa ameona jambo: watu Weusi wengi wanaleta Cadillac zao kutengenezwa. Lakini sheria ya kampuni ilikataza kuwauzia Weusi! Walizipataje? Walimlipa Mzungu aende dukani kununua kwa jina lake. Bondia, mwimbaji, daktari, mwenye duka: mtu mwenye pesa, aliyekatazwa nyumba mtaa mzuri, aliyekatazwa hoteli na mgahawa. Gari njo lilikuwa kitu kikubwa kimoja kilichobaki ambacho angeweza kununua.

Dreystadt akasema: kwa nini yule Mzungu wa katikati akule faida, na sisi tunakufa? Tuwauzie wenyewe. Wakakubali. Mwaka 1934 alipewa kuongoza Cadillac, akapunguza gharama za kiwanda bila kupunguza ubora, na kampuni ikapona.

Haikuwa huruma, tusijidanganye. Ilikuwa hesabu. Lakini hesabu ile inaonyesha kitu: jina lililindwa na watu ambao lenyewe lilikuwa linawafukuza mlangoni. Mwaka 1949, gazeti la Weusi wa Marekani, Ebony, liliandika wazi juu ya swali la kwa nini Weusi wananunua Cadillac, maana watu waliwacheka, wakisema wanaharibu pesa. Kwa yule mnunuzi, gari lilisema: niko mtu kama wewe, na kipimo changu ni kilekile chako.

Miaka ya mavuno

Vita ya pili ilipoingia, Cadillac iliacha magari, ikatengeneza vifaru vidogo, na ndani yake iliweka moteri zake mbili za silinda 8. Vita ilipoisha, Marekani ilikuwa na pesa na Cadillac ilikuwa tayari. Gari la 1948 lilikuwa na mikia midogo nyuma, wazo walilolitoa kwa ndege ya vita P-38. Mwaka 1949 wakatoa moteri mpya kabisa. Mwaka 1953 rais Eisenhower alipita barabarani siku ya kuapishwa amesimama ndani ya Cadillac Eldorado. Elvis Presley alikuwa na yake ya rangi ya waridi. Mikia ikakua kila mwaka mpaka 1959, ikawa mirefu sawa mabawa. Kiingereza cha Marekani kikaanza kutumia jina lile kwa kitu chochote bora: ukitaka kusifu friji au kalamu, unasema hii ni Cadillac ya kalamu.

Sasa niongee sawa agronome. Ukifyeka pori na kulima mara ya kwanza, mwaka wa kwanza unavuna mingi. Wa pili vilevile. Mkulima anawaza kama ni mikono yake. Kumbe anakula mboji ambayo majani yaliweka pale miaka mingi. Hatii samadi, juu haoni sababu: si mavuno yako? Na udongo hausemi kitu. Unanyamaza, unatoa, unatoa.

Cadillac miaka ya 1960 na 1970 iliingia katika kuvuna hivyo. Magari yalizidi kuwa makubwa. Moteri ya Eldorado ya 1970 ilifika lita 8.2, lakini vitu vya ndani vilianza kuwa plastiki, na kazi ya mikono ikapungua. Mwaka 1973 waliuza zaidi ya 300,000 kwa mara ya kwanza. Mwaka uleule petroli ikapanda bei, na Mercedes ya Ujerumani ikaanza kuvuta wateja vijana. Na mwaka wa mauzo makubwa kuliko yote ya wakati ule ulikuwa upi? 1978, magari karibu 350,000. Ukisoma ile hesabu peke yake unasema kampuni iko na afya. Udongo ulikuwa umekwisha.

Kilichofuata kilikuja haraka. Waliweka moteri ya dizeli ya Oldsmobile, iliyotoka kwa mpango wa moteri ya petroli. Boliti za juu hazikuweza kushika ule mgandamizo wa dizeli, moteri zikafa barabarani. Mwaka 1981 walileta moteri inayozima silinda zake yenyewe, 8, kisha 6, kisha 4, ili kuokoa petroli. Wazo lilikuwa zuri, leo magari mengi yanafanya hivyo, lakini kompyuta za wakati ule hazikuweza. Gari lilikohoa na kutikisika, na wenye gari wakaenda kwa mafundi kukata ule mfumo. Mwaka mmoja tu, wakaiondoa karibu ku magari yote.

Kisha 1982 ikaja Cimarron.

GM ilikuwa na gari dogo la bei nafuu, Chevrolet Cavalier. Cadillac haikuwa na gari dogo, na muda wa kutengeneza haukuwapo. Wakachukua mwili uleule wa Cavalier na moteri ileile ya silinda 4, nguvu ya farasi 88. Wakaweka viti vya ngozi, taa zingine, na ile ngao ya Antoine Laumet mbele. Bei: zaidi ya dola 12,000, wakati ndugu yake wa Chevrolet aliuzwa kwa maelfu ya dola chini yake. Sasa munaelewa kwa nini ninasema dereva wetu wa taxi iko mwaminifu kuliko wao.

Na uchungu ni huu: Cimarron ilinunuliwa. Katika miaka 7 waliuza zaidi ya 130,000. Kila moja ilileta pesa. Kila moja pia ilimfundisha mtu mmoja kama ile ngao haina maana tena.

Mifuko yetu

Sasa niseme sababu yangu.

Nilipomaliza licence, tulikuwa watu 4 wa promotion moja. Kazi hakuna, munajua. Tukaamua kuzidisha mbegu za maharagi na kuuza kwa wakulima, katika mifuko midogo yenye jina letu. Msimu wa kwanza tulichagua mbegu moja moja ku mwangaza wa taa, usiku mpaka macho yanauma. Wakulima wa upande wa Walungu walipanda, ikaota vizuri. Msimu wa pili walikuja wenyewe kuuliza ule mfuko. Jina lilianza kutembea.

Msimu wa tatu mvua iliharibu shamba letu. Tulikuwa na maombi mengi na mbegu kidogo. Mmoja wetu akasema: «Ku soko kuko maharagi ya rangi ile ile. Tununue, tuchague kidogo, tutie mu mifuko. Mukulima atajua namna gani?» Tulinyamaza. Kisha mimi, si mwingine, nikasema: «Sawa, mara moja tu.»

Tuliuza mifuko yote. Ilikuwa msimu wetu wa pesa nyingi kuliko yote. 1978 yetu.

Miezi michache kisha, mama mmoja alikuja na mfuko mtupu umekunjwa vizuri mkononi. Hakupiga kelele. Akasema: «Enjenia, jina njo lile lile. Mbegu haiko ile. Nusu ya shamba haikuota, na watoto banangoja.» Akaweka mfuko juu ya meza, akaenda. Nilikuwa na maneno ya kisayansi ya kumjibu, unyevu, wadudu, kina cha kupandia. Nilishindwa kuyatoa.

Tangu ile siku njo nilianza kusoma historia za makampuni yenye majina makubwa, kutafuta kama kuna lililoanguka hivi na kusimama tena. Nikapata Cadillac.

Kupona kunachelewa

Mwaka 1985 GM ilifupisha Cadillac zake kubwa, zikafanana na Buick na Oldsmobile. Lincoln, yule mtoto wa pili wa Leland, akatoa tangazo la televisheni: watu wanatoka mgahawani, wanangojea magari yao, na mtumishi anawachanganyia, huyu anapewa Buick akiwaza ni Cadillac yake, yule vilevile. Mwenye Lincoln peke yake anatambua gari lake. Nchi yote ikacheka. Mwaka 1986 Eldorado mpya ilifupishwa sana, na mauzo yake yakaanguka zaidi ya nusu. Mwaka 1989 Toyota, ndiyo, Toyota ya taxi yetu, ikaleta Lexus Marekani, ikaonyesha kama mtu asiye na jina la kifahari anaweza kulijenga kwa njia ya Leland: kipande sawa na kipande.

Chini kabisa ilikuwa 1998. Lincoln ilikuwa karibu kuwapita kwa mauzo ya mwaka. Dakika ya mwisho Cadillac ikatangaza imeshinda kwa magari 222. Miezi michache baadaye GM ikakubali kama hesabu ya mwezi wa 12 haikuwa ya kweli, ikaomba radhi. Kampuni iliyozaliwa kwa kupima sehemu ya elfu ya inchi ilihesabu vibaya magari yake yenyewe.

Hata hivyo, udongo uliochoka haujafa. Walifanya nini? Mwaka ule ule wa 1998 walikuwa wametoa Escalade ya kwanza, na niseme ukweli, ilikuwa tena nembo iliyobandikwa haraka, juu ya gari la GMC. Lakini hawakubaki pale. Ya 2002 waliipa sura yake na moteri yenye nguvu. Na nani waliibeba? Wanamuziki wa rap, wacheza basketi, watu Weusi kwa mara nyingine, wajukuu wa wale waliofungiwa mlango. Mara ya pili katika historia.

Kwa gari lao jipya la CTS, walikwenda kupima Ujerumani, ku barabara ya mbio ya Nürburgring, nyumbani mwa wapinzani wao. Mwaka 2008 aina yake ya nguvu, CTS-V, ilizunguka barabara ile chini ya dakika 8. Tazama, wamerudi Brooklands: wanapimwa mbele ya wenye mashaka. GM ilipofilisika mwezi wa 6 wa 2009, Pontiac ilikatwa, Saturn ilikatwa, Oldsmobile ilikuwa imekwisha kufa 2004. Cadillac iliachwa hai. Mwaka 2017 Wachina walinunua Cadillac nyingi kuliko Wamarekani.

Lakini ile nafasi ya kwanza, ile ya kuitwa kipimo cha dunia yote, haijarudi. Cimarron ilikufa 1988. Miaka zaidi ya 35 imepita, watu bado wanaitaja.

Na sisi, je?

Leo Cadillac inauza gari la umeme, Lyriq. Ndani ya betri kuna kobalti, na munajua kobalti nyingi ya dunia inatoka wapi. GM ilisema betri zake hizi zinatumia kobalti pungufu kwa asilimia 70 kuliko zile za mbele. Mwaka 2022 ilisaini mkataba wa kobalti na kampuni ya Glencore. Glencore iko na mgodi Kolwezi. Lakini mkataba ule ulikuwa wa kobalti ya Australia. Sisemi mengi. Ninasema tu kama madini yetu nayo yana jina ku soko la dunia, na lile jina limebeba picha za watoto wanaochimba kwa mikono. Kuwa na vingi ardhini hakutoshi, kama mnunuzi anaogopa mfuko.

Diplome zetu ni vilevile. Tunalia kila siku hapa kama mabosi hawaheshimu tena licence. Sehemu ya kilio ni haki. Lakini tuulizane pia ni mémoire ngapi zilinunuliwa, ni points ngapi zilitembea usiku. Kila moja ilikuwa Cimarron ndogo. Aliyenunua alipata kazi, na yule boss akajifunza kitu juu ya sisi wote.

Sisi wa mifuko tulibaki 3. Tulirudisha pesa kwa wale tuliowapata, si wote. Sasa kila msimu, mbele ya kuuza, tunaenda kijijini na mifuko bado wazi. Mkulima anatia mkono mwenyewe, popote anapotaka, anatoa mbegu 100. Tunazifunga katika kitambaa kilicholowa, tunaziacha kwa chef wa kijiji, si kwetu. Siku ya 7 tunafungua, watu wanahesabu kwa sauti. Zikiota chini ya 85, mifuko inarudi na sisi.

Msimu uliopita yule mama alikuja. Alihesabu na wengine mpaka mwisho. Hakununua. Alisema atakuja tena kuhesabu msimu ujao.